Msuli Hauna Kazi Ila Kuvuta: Kutoka kwa Wavuvi wa Homa Bay Hadi Wachimbaji wa Migori

Kwetu pwani neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtu akiumwa na kiuno, ni mshipa. Akivimba kinena kwa ngiri, ana mshipa. Damu inapita kwenye mshipa, shingo ikikakamaa asubuhi ni mshipa umekaza, na mzee aliyepooza upande mmoja huambiwa mishipa imekufa. Neno moja kwa maradhi matano, na mkandaji mmoja kwa yote. Sina ugomvi na lugha yetu, wala na wakandaji. Lakini kazi yangu ni tiba ya viungo, imenitoa Mombasa ikanileta upande huu wa ziwa, Homa Bay na Migori, na kila wiki naona mtu aliyechelewa kutibiwa kwa sababu alidhani tatizo ni msuli kumbe liko mbali na msuli.

Basi tugawe maneno kwanza. Mshipa wa damu ni mrija. Mshipa wa fahamu, au neva, ni mfano wa waya unaopeleka habari kati ya ubongo, uti wa mgongo na mwili. Kano ni ile kamba nyeupe ngumu inayofunga nyama kwenye mfupa, ile inayokushinda kutafuna ukila mguu wa mbuzi. Msuli ni nyama yenyewe. Wazee wetu walikuwa na neno tafu kwa ule uliojaa wa mkono au wa mguu, na ni neno zuri ambalo sioni kwa nini tumeliacha. Kilo ya steki uliyonunua ni msuli wa ng'ombe, na mnofu wa changu ni msuli wa changu. Mwilini mwetu misuli iliyoshikana na mifupa inazidi 600, na katika mwanamume mzima mwenye afya hufika kama asilimia 40 ya uzito wake. Kwa mwanamke huwa chini kidogo ya hapo.

Kazi ya msuli ni moja tu: kujifupisha. Unavuta, hausukumi. Ukiusukuma mlango, si kwamba kuna msuli unaosukuma. Ni msuli wa nyuma ya mkono unaovuta mfupa wa chini ya kiwiko mpaka mkono unanyooka. Ndiyo maana misuli mingi hukaa wawili wawili, mmoja wa kukunja na mwenzake wa kukunjua, na mmoja akivuta mwingine hulegea.

Ukitaka kuliona jambo hili vizuri, watazame wavuvi wa omena wa Homa Bay. Hutoka usiku wa giza, wakaweka taa juu ya maji, kama wavuvi wa dagaa wa kwetu na karabai zao. Omena wakishakusanyika kwenye mwanga, wavu hupitishwa chini yao na kazi ya kuvuta huanza. Macho yako yatakwenda kwenye mikono, lakini nguvu nyingi inatoka mapajani na matakoni, kwenye misuli mikubwa kuliko yote mwilini; mikono inashika tu na kupokezana. Hata hiyo mikono ina siri yake. Vidole havina misuli ya kuvikunja ndani yake. Shika kigasha chako, hapo kati ya kiwiko na kifundo, kisha ukunje vidole vya mkono huo huo: utasikia nyama inacheza chini ya ngozi. Misuli inayofunga ngumi imekaa huko juu, na kano ndefu zinapita kifundoni mpaka vidoleni, kama kamba za tanga zinavyovutwa kutoka chini. Mvuvi anayelalamika kwamba vidole vinamuuma mara nyingi naanza kumshika kigasha.

Kuna hesabu moja ambayo huwa nawaeleza wabebaji wa masanduku ya samaki. Msuli wa mbele wa mkono umejishika kwenye mfupa wa kigasha sentimita nne au tano tu kutoka kiwiko, ilhali mzigo uko kiganjani, mbali kama sentimita 35. Ukishika ndoo ya kilo 10 huku umekunja mkono kwa pembe ya mraba, msuli huo unalazimika kuvuta kwa nguvu ya kuinua kilo 70 au 80. Mwili wetu umejengwa hivyo, ukatoa nguvu ukanunua mwendo: msuli ukijifupisha kidogo, kiganja kinakwenda mbali. Mgongo una hesabu ya namna hiyo hiyo. Sanduku lililokumbatiwa kifuani na sanduku hilo hilo likiwa limenyooshewa mikono si mzigo mmoja, hata mizani ikisema ni mmoja.

Na kwa kuwa tuko Homa Bay, siwezi kuupita msuli wa taya. Kwenye rasi ya Homa, ukingoni mwa ziwa, kuna mahali paitwapo Nyayanga. Mwaka 2023 watafiti, miongoni mwao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza kwamba wamefukua hapo zana za mawe 330 zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko wasiopungua watatu, mingine ikiwa na alama za kukatwa. Palipatikana pia magego mawili ya Parantropasi, kiumbe wa ukoo wetu aliyekuwa na meno mapana na misuli ya kutafuna mikubwa ajabu. Madume yake yalikuwa na ukingo wa mfupa katikati ya utosi, na kazi ya ukingo huo ilikuwa kuipa misuli hiyo mahali pa kujishikiza. Weka vidole kwenye panja zako ukaze meno: msuli unaoinuka hapo ndio huo huo, ila wako unaishia ubavuni mwa kichwa. Nani hasa alikuwa akivitumia visu vile vya mawe ni mjadala wa wataalamu. Ninachokipenda mimi ni kwamba jiwe kali lilifanya kazi ambayo jino lisingeiweza, kukata msuli mbichi wa kiboko, zama ambazo moto wa kupikia haujajulikana.

Sasa tuingie ndani. Msuli umefanywa kwa nyuzi, na kila uzi ni seli moja, nyingine ndefu kwa sentimita nyingi. Ndani ya uzi kuna nyuzi ndogo zaidi, na ndani ya hizo kuna safu za vijiti vya protini za aina mbili: aktini, vyembamba, na miosini, vinene, vyenye vichwa vidogo pembeni. Amri ya neva ikifika, kalisi humwagika ndani ya uzi, vichwa vya miosini vinaikamata aktini, vinaivuta, vinaiachia, vinaikamata tena mbele kidogo. Ni kama watu walioshika kamba ya jahazi mkono kwa mkono. Vijiti vyenyewe havifupiki. Vinateleza kimoja juu ya kingine, na jumla ya mateleko hayo madogo ndiyo kukunjika kwa mkono. Jambo hili lilielezwa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili. Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba nishati haihitajiki kwa kuvuta peke yake. Inahitajika pia kwa kuachia. Kila kichwa cha miosini hakibanduki mpaka kipate chembe ya kemikali iitwayo ATP. Mtu akifa, ATP inakwisha, vichwa vinabaki vimeshika, na mwili unakakamaa. Waosha maiti wetu wanaijua saa hiyo bila kusoma kitabu. Ndiyo maana humfunga marehemu taya na kumnyoosha viungo mapema, hasa kwenye joto letu. Baada ya siku moja au mbili protini huanza kuoza na mwili hulegea tena. Mama anayenunua mbuta kwenye soko la Homa Bay anatumia elimu hiyo hiyo anapomshika samaki kuona kama bado amekakamaa.

ATP iliyomo msulini inatosha sekunde chache tu, kwa hiyo hutengenezwa upya kila wakati. Kwanza msuli hutumia akiba ya kreatini fosfati, inayoishia kama kwenye sekunde ya kumi. Kisha huvunja sukari bila kungoja oksijeni, njia ya haraka lakini isiyodumu. Kazi ikiendelea, moyo na mapafu huleta oksijeni, na hapo mtu anaweza kwenda saa nyingi. Nyuzi nazo zimegawanyika. Nyingine ni za pole na hazichoki, nyekundu kwa sababu zimejaa mioglobini, protini inayohifadhi oksijeni. Nyingine ni za haraka, nyeupe, zinachoka upesi. Jodari nyama yake ni nyekundu kwa sababu anaogelea usiku na mchana. Ngege wa ziwani, anayekaa kwa utulivu na kushtuka mara moja akifukuzwa, ni mweupe. Sisi binadamu tumechanganyiwa zote mbili katika kila msuli.

Nitasema neno moja kuhusu maumivu ya kesho yake, maana linarudiwa vibaya kila kiwanja cha mpira. Si asidi. Asidi ya kazi ngumu husafishwa mwilini ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayokuja siku ya pili na ya tatu yanatokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi, na huletwa zaidi na kazi ya kuzuia kuliko ya kuinua: kuteremka mlima, kushusha gunia polepole, kuushikilia wavu unaokuvuta wewe. Huisha yenyewe, na msuli hurudi ukiwa mgumu zaidi kwa kazi ile ile.

Lakini kuna uharibifu wa msuli ambao hauishi wenyewe, na hapa naomba msomaji wa pwani asinipite haraka. Mtu akifanya kazi kupita kiasi kwenye joto bila maji, nyuzi zinaweza kupasuka kwa wingi, na mioglobini ikamwagika kwenye damu na kuziba figo. Dalili ni maumivu makali, misuli kuvimba, kukosa nguvu, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kwetu pwani mkojo wa namna hiyo unaitwa kichocho na mtu anangoja dawa. Kichocho cha pwani hutoa damu, mara nyingi mwisho wa kukojoa, na hakimfanyi mtu avimbe mapaja. Kile cha ukingo wa ziwa kwa kawaida hushambulia matumbo na ini, hata hakipiti kwenye mkojo. Mkojo ukigeuka rangi siku moja au mbili baada ya kazi nzito, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na asimeze ibuprofeni wala diklofenaki za dukani njiani, kwa sababu zinaibana figo ambayo tayari imeelemewa.

Tena kuna kinachotuunganisha sisi na watu wa ziwa. Kanda mbili za Kenya zenye selimundu kwa wingi ni hii yao na ile yetu, kwa kuwa zote ni nchi za malaria, na aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Mtu huyo kwa kawaida ni mzima na huenda asijue kabisa. Ila akisukumwa mpaka mwisho wa nguvu zake, kwenye joto, bila maji wala pumziko, damu inaweza kugeuka umbo ndani ya misuli inayofanya kazi na kuzuia njia. Vifo vya namna hii vimeandikwa kwa makuruta wa jeshi na wanamichezo vijana wa Marekani. Vijana wetu wanaojaribu kuingia jeshini, na wale wanaoteremka mashimo ya dhahabu, wana haki ya kujua hali yao ya damu.

Misuli ya aina mbili nyingine niitaje tu. Misuli laini imezunguka utumbo, mirija ya damu, njia za hewa na mji wa mimba. Haingoji amri yako. Msuli wa moyo uko peke yake, hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Ile ya mifupa ndiyo tunayoweza kuikuza. Wiki za mwanzo za mazoezi nguvu huongezeka kabla tafu hazijanenepa, kwa sababu neva zinajifunza kuita nyuzi nyingi kwa pamoja. Unene huja baadaye, ukisaidiwa na chakula chenye protini, na omena ni chakula hicho kwa bei ya mtu wa kawaida. Baada ya miaka ya thelathini msuli huanza kupungua kidogo kidogo, na mzee anayelazwa kitandani hupoteza kwa siku chache kile kitakachomchukua wiki nyingi kukirudisha. Nawaomba watoto wenye huruma wasimkalishe baba yao siku nzima eti apumzike.

Nimesema amri inatoka kwenye neva. Haimgusi msuli moja kwa moja. Ncha ya neva hutoa kemikali, asetilikolini, nayo hupokewa na vipokeaji vilivyo juu ya uzi wa msuli. Wazo la kipokeaji cha namna hiyo lilitolewa na John Langley wa Cambridge mwaka 1905, kwa kuweka nikotini kwenye misuli ya kuku, na mpaka leo vipokeaji hivyo vinaitwa kwa jina la nikotini. Hilo si habari ya mbali kwa Migori, kaunti ya tumbaku, hasa upande wa Kuria. Anayechuma majani mabichi yenye umande, nikotini humpenya ngozini. Haimpoozi msuli kwa kiasi hicho, bali husumbua neva: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, mwili kukosa nguvu. Watu hudhani ni njaa au jua. Nguo kavu, mikono iliyofunikwa na kungoja umande ukauke huzuia mengi.

Zebaki ni shauri kubwa zaidi. Katika Nyatike, kuzunguka Macalder, ambako Wazungu walichimba enzi za ukoloni, wachimbaji wadogo bado wanatafuta dhahabu kwa nyundo na beseni. Mawe yanasagwa, unga unaoshwa, kisha zebaki inachanganywa kwa mkono mtupu ili iikamate dhahabu. Donge lile linachomwa motoni. Zebaki inaondoka kwa mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke hauna rangi wala harufu. Unaingia mapafuni, kwenye damu, mpaka ubongoni.

Anayekuja kwangu analalamika kwamba mikono imekuwa dhaifu. Namwambia anibane vidole, na ananibana sawasawa. Msuli wake ni wa mtu anayevunja mawe, hauna kasoro. Kisha nampa kalamu achore duara linalozunguka kutoka katikati kwenda nje. Mstari unatoka na meno kama msumeno. Ukiuliza zaidi, usingizi umepotea, hasira zimekuwa karibu, kusahau kumeingia nyumbani. Wengine wameshakandwa mafuta miezi, wengine wamepelekwa kupungwa. Kukanda hakuna dhara, lakini hakuna mafuta yanayofika pale amri inapoharibika.

Dawa ya kwanza ni kuuacha mvuke. Mtetemeko mara nyingi hupungua mtu akitoka kwenye zebaki mapema. Aliyekaa nayo miaka huenda abaki na sehemu yake. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa samaki wenye zebaki uligunduliwa mwaka 1956, ulianza kazi mwaka 2017, na moja ya mambo unayotaka mataifa yakomeshe ni kuchoma donge hadharani na kulichoma kwenye makazi ya watu. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha uwe zebaki tena, ambayo mchimbaji hana haja ya kuinunua upya. Kwa mfuko wake tu kingetosha kumshawishi. Bado nasikia wanaochomea jikoni, kwenye sufuria itakayopikiwa jioni, mama akiwa na mimba au na mtoto mgongoni, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Ukiwa na ndugu huku machimboni na mikono imeanza kutetemeka, akifika kwa daktari ataje kazi yake kabla ya kutaja maumivu, kwa sababu hakuna atakayeiwazia zebaki kwa kumtazama tu. Kipimo cha mvuke wa zebaki ni mkojo. Na kama donge lilikuwa likichomwa nyumbani, wapimwe na waliokuwa wakilala humo.